Protini Zilizomnyima Mama Maharagwe

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kuisha niliporudi nyumbani Matuu kutoka Lukenya, nilikokuwa nikichonga mawe, nikamkuta mama amekonda. Vidole vyake vilivyovimba nilivijua. Baridi yabisi ilikuwa imemsumbua miaka mingi. Kukonda ndiko sikukuelewa. Sahani yake ilikuwa na ugali na sukuma wiki tu. Maharagwe na mbaazi, chakula chake tangu utotoni, alikuwa hagusi.

"Daktari alisema protini ndizo zinaharibu viungo vyangu," akaniambia. "Nimeziacha zote. Mayai, maziwa, hata ndengu."

"Lakini mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba chetu, "shuleni tulifundishwa protini hujenga mwili."

"Shule gani? Ile uliyotoroka?"

Labda somo la kubomoa lilifundishwa baada ya mimi kuondoka. Lakini nilipomwona akishindwa kuinua sufuria, sikujua kama ni vidole au ni njaa, nikaenda hospitali kumwuliza daktari mwenyewe.

Alikuwa kijana mpole. Alikunja ngumi akaizungushia leso. Leso, akasema, ni utando unaofunika kiungo kwa ndani, na kazi yake ni kutoa ute wa kukilainisha. Ugonjwa ukiingia, seli za utando huo hutengeneza protini zisizotakiwa: nyingine huita uvimbe zaidi, nyingine humeng'enya gegedu, lile tabaka nyororo linalozuia mifupa kusagana.

"Na hizo zinatoka kwa maharagwe?"

"Hapana. Zinatengenezwa hapo hapo. Hata mama asipokula kitu, zitatengenezwa. Mwambie ale."

"Sasa kwa nini mwili ujimeng'enye?"

Akaikunjua leso polepole. "Hilo hata sisi hatulijui vizuri."

Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoenda. Nilimweleza mama kwa kiazi na kitambaa cha meza, nikasahau katikati kiazi ni mfupa au ni ngumi. Akanitazama weee.

"Kwa hiyo ni mwili wangu unanila?"

"Nafikiri ndivyo alivyosema."

"Na mimi najinyima bure!" Akanisukumia sahani. "Pakua maharagwe. Kama ninaliwa, siwezi kuliwa na njaa juu yake."

Alikula yote. Mimi nilibaki nikivitazama vidole vyake vikihangaika na kijiko, nisijue nivionee huruma au nivikasirikie.