Mafuta Mfupani

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, mke wangu Rhobi alitoka na kigoda akakaa karibu na zizi. Nikapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma polepole pale uani. Tukaongea. Aliniuliza kama mahindi ya upande wa korongo yameota. Nikasema yameota, ila nguruwe pori wamepita. Akasema nguruwe wanalijua shamba letu kuliko mimi. Kisha nikazima, nikaisimamisha wima, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Akauliza kinasemaje. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Maana yake, usiongeze.

Nikaenda shamba. Niliporudi alikuwa amelala kwenye mkeka, na hakuamka tena.

Mimi sikusoma, na maneno sina mengi. Waliokuja msibani walimsifu kwa upole na kwa mkono wake wa kupika. Ni kweli yote. Ila lile nililoliona mimi hakuna aliyelisema.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowatoa watu kila upande wakaja Nyamongo. Wengine walitoka mbali, lugha zao hatuzijui. Vilima vilitobolewa kama kichuguu. Mimi na shemeji yangu Wangwe, mdogo wake Rhobi, tulikuwa na duara letu, shimo la kushuka kwa kamba. Siku moja jiwe lilikubali, dhahabu ikatoka. Wenzetu waliopata walinunua ng'ombe. Mimi nilikwenda Sirari, na Odoyo, wakala wa mizigo pale mpakani, akaniuzia pikipiki kubwa iliyoachwa na msafiri aliyechoka safari. Ilikuwa ndefu kama ndama wa twiga. Silinda yake moja tu, lakini ikinguruma bata wanaacha kula.

Hiyo pikipiki ilikuwa na ajabu moja. Oili yake haikai chini kwenye injini kama za wengine. Inakaa juu, ndani ya bomba la mwili wake, inashuka kwenye injini na kupandishwa tena. Odoyo aliponiambia nilidhani ananitania. Nilipofika nyumbani nikamwambia Rhobi. Akaweka kiganja kwenye lile bomba, akakuta lina moto. Akauacha mkono hapohapo. Akasema basi mafuta yake yako mfupani, kama ya ng'ombe.

Asubuhi yake majirani walijaa. Simioni, aliyekuwa anahudumia injini ya karasha la kusagia mawe, ndiye tuliyemwita fundi. Akachomoa kijiti cha lile bomba. Kikavu. Akamimina oili, akamimina. Kwetu mgeni anapewa kibuyu kimejaa, ukimpa nusu umemtukana, na hii ilikuwa mgeni. Simioni alijaza mpaka mdomoni, wazee wakaridhika. Tukaiwasha. Ikatoa moshi mweupe, oili ikamwagika kupitia kwenye chujio la hewa, ikachafua suruali ya Simioni yote. Watu wakasema nimeuziwa mzoga. Simioni akanigeukia akasema, mura, hii inakunywa kuliko baba yako.

Na kila asubuhi ilikuwa hivyo. Kijiti kikavu, wanaume wanamimina, moshi, kelele, lawama kwa Odoyo.

Rhobi alikuwa anakamua huku anatazama. Jioni moja nilipotoka machimboni, pikipiki ikiwa bado ya moto, alichomoa kijiti mwenyewe. Kimelowa mpaka juu. Asubuhi, kabla wanaume hawajaja, akakichomoa tena. Kikavu. Chini hakuna tone. Wala hakuna aliyeipanda usiku.

Akaniita. Akasema ng'ombe huwezi kumshika chuchu asubuhi ukasema hana maziwa. Ndama anamgusa kwanza, ndipo anaachia. Huyu naye akilala, mafuta yanateremka ndani huko chini. Mpaka atembee kidogo ndipo anayarudisha pa kuonekana.

Nilikuwa nimeishi na huyu mwanamke mpaka tuna watoto wakubwa, nikidhani namjua.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Nawasha, inanguruma, tunakaa tunaongea. Maneno yakiisha, nazima, napima. Moshi ukaisha. Ila ukiikimbiza mbali ikiwa na mzigo, kidogo inakula oili, hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Rhobi akawa anaweka akiba kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.

Halafu duara likamwangukia Wangwe.

Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukashiba maji. Tulimtoa akiwa hai, mguu umepondeka, tumbo limeanza kuvimba. Pale zahanati walisema mfikisheni hospitali Mugumu, na msikawie. Magari yote yalikuwa yamekwama kwenye matope. Tukapanda mshikaki: mimi mbele, Wangwe katikati, Rhobi nyuma amemfunga kwake kwa kitenge. Chupa ya oili alikuwa ameitia kifuani.

Kufika Mto Mara maji yalikuwa mengi. Tukazima, tukakaa ukingoni muda mrefu mpaka yalipopungua. Vijana wa pale mtoni wakambeba Wangwe, wengine wakaibeba pikipiki mabegani kama jeneza. Wakatuweka ng'ambo. Nilipotaka kuondoka nikakumbuka kwamba toka nyumbani pikipiki ilikuwa imekimbia sana na mzigo. Nikachomoa kijiti.

Kikavu kabisa.

Nikashika chupa. Wale vijana wakasema mimina yote, mzee, unangoja nini. Rhobi akasema hapana, washa kwanza.

Sasa elewa lile jambo. Ikiwa oili imeteremka tu kwa kukaa, ni sawa. Lakini ikiwa kweli imekwisha, ukiwasha injini inajisaga yenyewe, inakufa pale pale, na Wangwe anafia kwenye nyasi za ukingo. Na ukimimina yote bila kujua, inajaa, inatapika, na mbele hakuna pa kupata nyingine. Hakuna aliyeweza kuona ndani ya lile bomba. Na aliyelala chini alikuwa mdogo wake Rhobi, tumbo moja.

Akaweka kiganja kwenye bomba, kama siku ile ya kwanza. Akaniangalia.

Nikapiga kiki.

Tukaiacha ingurume. Kijana mmoja akasema huyu mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Wangwe naye, macho nusu, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, unakamua au unasafiri?" Rhobi akamjibu alale. Nilikuwa nasikiliza ile silinda, kila mpigo, nikingoja usage. Haukusaga.

Nikazima. Wawili wakaishika wima. Kijiti kikatoka kimelowa, chini ya alama kidogo tu. Rhobi akamimina kiasi cha kulowesha koo la mtoto, akaziba chupa kwa gunzi, akairudisha kifuani.

Ile iliyobaki tuliimimina karibu na Morotonga, baada ya milima, ilipohitajika kweli. Isingekuwepo, tusingefika.

Pale hospitali walimpokea Wangwe, wakampasua. Tulikaa nje. Jua lilikuwa linaelekea kuzama muuguzi alipotoka akasema ataishi. Na ameishi, anachechemea, na msibani alilia kuliko mimi.

Rhobi hakupiga kelele wala hakupiga magoti. Alinyanyuka, akafungua kile kitenge chenye damu, akakikunja, akaenda kunawa. Mimi sikujua mikono niiweke wapi. Nikaenda kwenye pikipiki, nikaanza kufungua mfuniko nipime, ili tu nifanye kitu.

Akaja nyuma yangu, mikono ina maji, akakaa chini kwenye majani. Akasema:

"Ameshapoa huyo, Baba Bhoke, atakudanganya. Mwashe, tukae tuongee kidogo, ndipo umuulize."