Nyumba ya Ngoma Isiyo na Mbele

Luhaga, mzaliwa wa Misungwi, alichora ramani za serikali pale Mwanza miaka kumi na tisa: zahanati, maghala ya pamba, vyoo vya shule. Mwaka ule wa tisini na nne wenzake walikuwa wakipukutishwa kazini kama majani ya kiangazi. Mkuu wake, bwana Alexander, akamwita.

"Wafadhili wanataka nyumba ya utamaduni, ndogo, ya kisasa, ndani ya ile bustani ya Wajerumani ufukweni. Mti usikatwe hata mmoja. Ijumaa niione ramani. Vinginevyo, orodha ya wanaopunguzwa unaijua."

Luhaga akapima kwa kamba. Kati ya miti palibaki hatua kumi na nane tu. Akachora jukwaa moja linalotazama ziwa, akamwonyesha mtunza bustani, mzee Yakobo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jukwaa moja? Wewe Msukuma kweli, au uliokotwa soko la Kirumba kwenye dagaa?"

Luhaga akajishika kichwa. Kwao ngoma haichezwi kwa zamu. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza saa ile ile, kila kundi na uwanja wake, na watu hukimbilia linalowapendeza. Linalobaki na vumbi lake limeshindwa.

"Na baba yako Mgika," Yakobo akaongeza. "Wagalu watasema umewafungia mlango."

Majukwaa mawili ubavu kwa ubavu hayakuenea. Siku nne Luhaga alikwangua wino kwa wembe, akachora, akakwangua. Alhamisi karatasi ikatoboka, pale pale kwenye ukuta wa nyuma, na nyingine hakuwa nayo. Akalitazama lile tundu mpaka chai ikapoa. Basi pawe wazi. Akatia hapo jukwaa la pili, likitazama mlimani, migongo imeelekeana, katikati chumba chembamba cha kuwekea ngoma.

"Mbele ya nyumba ni wapi?" akauliza Alexander.

"Haina mbele, bwana."

Mkuu akacheka, akatia sahihi. Luhaga akabaki kazini.

Siku ya kufungua, pande zote zilifurika.

"Luhaga, njoo kwa baba zako!" waliita Wagika.

"Akienda huko, nyumba ni yao!" wakajibu Wagalu.

Akaingia chumba cha katikati. Yakobo akamchungulia. "Toka ucheze, mwanangu."

"Nitokee wapi, mzee?"

Luhaga akakaa juu ya mzinga wa ngoma uliopasuka, huku wanadunda, kule wanadunda, mpaka watu wote walipokwenda zao.