Chai Niliyokunywa Kabla ya Kwenda Ukweni

Aibu hii nimeikalia kitambo nikidhani itapoa yenyewe kama homa, haijapoa, na kwa vile watu wa kwetu wameanza kuisimulia wakitia chumvi (juzi nimesikia eti nilimaliza kuku mzima), heri niwaeleze mwenyewe mjue ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kazi yangu ni trela za miwa huku upande wa Butali, na Mungu siku ya kuniumba nadhani vifaa vilikuwa vimepungua. Nimekonda. Kula nakula kama watu wengine, ila kinakoenda sijui, na wala jambo hilo halikunisumbua mpaka siku niliyokwenda kujitambulisha kwao Muhonja, msichana ninayetaka kumuoa, ambapo senje wake, yaani dada ya babake, aliniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni akauliza mbele ya wote, "Huyu kijana anakulanga kweli?" Watu wakacheka. Babake Muhonja hakucheka, na mimi nikatoka pale nikijua kwamba nikirudi kupanga ng'ombe wa mahari nikiwa vile vile, mke sipewi.

Basi nikaanza kula kwa hasira. Mayai, ndizi, uji wa karanga, maziwa asubuhi na jioni, na suruali zikazidi kulegea, mpaka rafiki yangu Keya, ambaye hukata miwa na anajua kila kitu (hata vile asivyovijua), akanionea huruma.

"Shida yako ni metaboli," akaniambia. "Mwili yako inachoma chakula kama jiko ya majani. Sisi hapa tukivutanga kidogo, mtu anakula obusuma, ugali ya watu watatu. Jaribu."

Nikajaribu. Sitawadanganya, njaa ilikuja, njaa ya ajabu, nikawa jioni nalamba sufuria mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimeanza kuishi na mtu, halafu baada ya majuma kadhaa nikaenda kujipima kwa mizani ya duka la dawa na kukuta nimepungua kilo mbili. Nimepungua, jamani. Nilishuka nikapanda tena, yule dada wa dawa akaniambia mizani haina makosa. Keya alipoambiwa akakuna kichwa, akasema basi metaboli yangu iko juu kuliko alivyofikiria, niongeze. Mtu mwenye akili angeachia hapo.

Siku ya ukweni ikafika. Hofu yangu kubwa ilikuwa nikifika pale niogope, nishindwe kula, senje apate la kusema tena, lakini nisingeweza kuvuta na kwenda kukaa na wazee nikinuka moshi, kwa hiyo nikachemsha ile kitu kwenye chai ya maziwa, nikanywa kikombe kimoja, nikangoja. Hakuna kitu. Baba mdogo wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa tayari yuko nje na kofia yake ananiita, na mimi nikaona hii chai ni ya bure, nikajaza kikombe cha pili nikakimaliza nikiwa nimesimama. Jambo ambalo Keya hakuniambia (baadaye alisema alidhani najua) ni kwamba ya kuvuta inakupata hapo hapo, lakini ya kunywa inatembea polepole na ikifika imefika na jamaa zake wote.

Ilinifikia katikati ya maombi.

Mzee mmoja wa kwao alikuwa anaombea safari yetu, na mvua, na wagonjwa, na mimi nimefumba macho, mara nikasikia harufu ya ingokho, yaani kuku, kutoka jikoni, na sijui niwaelezeje, harufu ile ilikuwa inaniita kwa jina. Tumbo likanguruma watu wakasikia. Ile "amina" ilipokuja nikacheka peke yangu, baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo kwa haja. Nia yangu, wallahi, ilikuwa choo. Lakini njia ya choo inapita jikoni.

Sasa hapa lazima mwelewe. Kwetu mtu na mama mkwe hawazoeani. Humpi mkono, huli mbele yake, mkikutana njiani mmoja anachepuka, na jikoni kwake ni mahali ambapo hata ukiona moto umeshika paa unaita mtu mwingine aingie. Hayo nimeyajua tangu utoto. Na bado nikainama mlangoni nikaingia, nikavuta kigoda chake nikakalia, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameona sufuria tu, na kando ya sufuria bakuli dogo lililofunikwa, ambalo nililifunua na kukuta imondo, yaani firigisi, ile ambayo kila mtoto wa Kakamega anajua huwekewa mwenye boma na huwezi kuigusa yeye akiwa hai.

Nikaitia mdomoni.

Hapo ndipo nikainua uso nikamwona mama mwenyewe, kichwa wazi bila kitambaa, mwiko mkononi, ameganda. Mngedhani nilikimbia. Mimi nilimwambia, kwa upole kabisa, "Mama, hii imeiva vizuri. Iko ingine?"

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aligeuka ukutani akajifunika uso kwa leso, akaita kwa sauti ndogo, "Senje, kuja. Mkwe ako jikoni." Senje akaja, akashika kichwa, akapaaza ile sauti yake, boma lote likatoka, baba mdogo mbele, Muhonja nyuma yake na trei ya glasi, halafu babake akasimama mlangoni akanitazama, na mimi bado natafuna. Nilijaribu kuacha kutafuna, taya zikakataa. Halafu nikacheka tena.

Mzee amesimamia wakata miwa miaka mingi, macho kama yangu anayajua. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia baba mdogo.

"Huyu kijana wenu amekunywa bangi akakuja kwangu?"

Baba mdogo, mtu ambaye huongea harusi nzima bila kunywa maji, alivua kofia akaanza kuipangusa vumbi. Mzee akaendelea polepole tu. "Ndugu yangu alikonda namna hii akanyamaza, tukakuja kujua ni mgonjwa tukiwa tunamzika. Ndio maana senje aliuliza kama anakula. Tulitaka tu kujua mtoto wa watu ni mzima. Nani hapa alisema hatutaki mtu mwembamba?"

Nilishtuka mpaka ile bangi nusu ikanitoka. Miezi yote ile nimejitesa kwa sababu ya swali la mtu aliyekuwa ananihurumia.

Ng'ombe hawakutajwa siku hiyo. Tulirudi bila kula, na kutoka kwao Muhonja ikatumwa habari kwamba mama hatakaa boma moja na mimi mpaka kondoo wa kusafisha aibu hiyo achinjwe na mambo yatengenezwe, halafu wazee wataangalia kama watatuita tena. Nimeenda hospitali nikapimwa kila kitu, daktari akasema sina ugonjwa, ni mwili wangu tu, akaniuliza babangu yukoje. Nikamwambia ni kama mimi.

Muhonja alinipigia baada ya siku nyingi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, sikuyatumia hata moja, kwa sababu aliongea kidogo akakata. "Nilikuwa nimewaambia nyumbani mtu wangu amekonda, lakini ako na heshima," alisema. "Hiyo heshima ndiyo uliacha kwenu, ukaniletea njaa."

Bado nangoja kuitwa. Ile kitu sigusi tena, si ya moshi si ya chai, na Keya akitaja metaboli naondoka. Mkinikuta nimekonda, niacheni nikonde.