Kamera ya Chumba cha Kupimia

Shangazi yangu hufunga kamera za ulinzi. Alianza na redio, akahamia televisheni, na watu walipozidi kuogopana, kama anavyosema mwenyewe, akahamia kamera. Haogopi ngazi ndefu wala umeme, na mbwa wakali huwaita "mkwe" mpaka wananyamaza. Mwaka niliomaliza chuo nikakosa kazi, mimi ndiye niliyembebea mkoba wa nyaya. Zaidi nilikuwa msomaji wake wa vijitabu vya maelekezo, maana herufi zake ni ndogo na macho ya shangazi yamechoka. Sikuona vibaya. Kijitabu hakikuulizi utaolewa lini.

Alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Akimaliza kufunga, huandika neno la siri la mashine inayorekodi picha kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi aliyelipa. "Anayelipa ndiye mwenye ufunguo," husema. Mafundi wenzake wote hufanya hivyo, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Asubuhi moja alipigiwa simu na mshona nguo mmoja, mteja wa zamani kidogo.

"Fundi, mashine yako haishiki."

"Haishiki nini, mdogo wangu?"

"Ninachoiambia. Naiambia hivi, inarudi vile. Njoo, tafadhali."

Tulikwenda kwa gari letu. Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani karibu na dirisha, magauni yaliyoning'inia kwenye kamba, kioo kirefu, na kwenye kona pazia ambalo nyuma yake wanawake walipimwa. Kamera ilikuwa juu ya kabati. Mume alitaka ikae hapo, alisema, wateja wasiibe vitambaa. Kutoka juu kule pazia halikuficha kitu.

Mshonaji alikuwa mwembamba, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, na alizungumza huku akitazama mlango. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto hakikukunjika.

"Wanawake wanavua nguo hapa," alisema. "Nimesikia unaweza kuifunika ile kona kwa kipande cheusi, picha isionekane. Nakiweka, nabonyeza Hifadhi, naambiwa imehifadhiwa. Nikirudi baadaye, hakipo."

"Basi imepata usahaulifu," shangazi akasema. "Kama marehemu mume wangu. Ukimtuma chumvi analeta sabuni."

Mshonaji hakucheka.

Shangazi aliketi mbele ya skrini, akachora kipande cheusi juu ya kona, akahifadhi. Akazima mashine ukutani, akaiwasha tena. Kipande kilikuwa pale pale. Akaifungua, akaangalia betri yake ndogo, akaangalia diski. Vyote vizima.

"Mbona inashika?" akauliza. "Kitabu kinasemaje, mwanangu?"

"Kinasema mipangilio isipohifadhika, angalia betri, angalia diski, au..." Nikausoma mstari ule mara ya pili. "Au angalia kama kuna mtu mwingine anayeibadilisha."

Nilipoinua macho, kipande cheusi kilikuwa kimetoweka. Mausi ilikuwa mezani, na hakuna aliyeigusa.

Shangazi akakirudisha. Kikatoweka tena, safari hii upesi, kama mtu anayepiga kofi mkono wa mtoto. Sijui ujasiri ule niliupata wapi, nikainama, nikachomoa waya wa intaneti. Tukaweka kipande mara ya tatu. Kikakaa. Tukangoja, kikakaa. Nikauchomeka waya, na baada ya muda kikaondoka.

Kisha juu ya kabati kitu kikalia kidogo, kama meno yanayosagwa. Kamera ikageuza shingo polepole, ikaiacha ile kona, ikanitazama mimi.

Waya nilikuwa nimeuchomeka, lakini bado nimeushika.

"Ile karatasi," shangazi akasema taratibu. "Ile yenye neno la siri. Nilimpa nani?"

"Aliyelipa," mshonaji akajibu.

Alikwenda kwenye cherehani yake, akatia kitambaa kisicho na kazi chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Chumba kikajaa kelele. Akatuita kwa macho, kama anayetaka kutuonyesha mshono. Tukainama karibu naye, mimi nikiwa nimesahau kuuachia ule waya mrefu.

"Inasikia pia," alisema bila kuinua kichwa. Mguu wake haukukoma. "Anafanya kazi mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Akinipigia simu anajua nimevaa nini. Anajua nani alikuja, alikaa kiasi gani, tulicheka nini. Nikadhani ni jirani. Jirani yangu huyo wa mlango unaofuata anapenda maneno, basi nikasema ni yeye anayenichongea. Tangu hapo simsalimii." Alifika mwisho wa kitambaa, akakigeuza, akashona kurudi. "Hiki kidole ni cha safari iliyopita. Nilikuwa nimetundika gauni mbele ya kamera. Alisema safari nyingine ni mkono mzima. Fundi, mimi bila mkono ni nani?"

Shangazi hakuwa na utani.

Hapo simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama, akatuonyesha kamera kwa kichwa kuwa ndiye, akaiweka kwenye spika. Mshonaji aliacha kukanyaga, na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele.

"Fundi," sauti ya mwanamume ikasema. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu aliyeshiba. "Naona uko kwangu."

"Niko kwako, shemeji! Hujambo?"

"Sijambo. Huyo msichana ameshika waya wa nini?"

Niliuachia ukaanguka kama nyoka.

"Huyo ni mtoto wa kaka yangu, shemeji, msomi. Ukimpa waya anautafutia shahada." Shangazi alicheka peke yake. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe kwenye kucha. "Sikiliza, nina habari mbaya. Mashine yako inaumwa. Diski inakwaruza. Ikiendelea kuwaka hivi, picha zako zote za nyuma zitaungua."

Juu ya kabati ile shingo ikalia tena. Kamera ikamgeukia yeye.

"Mbona mimi naona vizuri?"

"Hata mgonjwa wa moyo huonekana vizuri, shemeji, mpaka aanguke. Naipeleka dukani."

"Niachie hiyo ya chumba cha mbele."

"Kamera bila mashine ni jicho bila kichwa. Litatazama, litamwambia nani?"

Alifikiri.

"Mpe mke wangu simu."

Mshonaji aliipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo," alisema. "Nipo. Nashona. Ndiyo. Siendi popote." Jasho lilimtoka juu ya mdomo, lakini sauti haikutetemeka; ilikuwa sauti ya mtu mwenye mazoezi. Alimrudishia shangazi simu. Shangazi akaaga kwa heshima zote, kisha akachomoa mashine ukutani. Taa zake za kijani zikafa. Kamera ikainamisha kichwa.

"Mdogo wangu," shangazi akasema, "mimi ndiye niliyempa macho. Leo nimeyafumba, lakini akishtuka, atakuja. Una pa kwenda?"

"Kwa dada yangu mkubwa. Mume wangu hapajui anapokaa siku hizi."

"Basi tufunge."

Tulifanya kazi kama wezi. Tuliing'oa cherehani kwenye meza yake, tukaifunga kwa shuka. Yeye aliokota mikasi, chaki, vipimo vya wateja, na magauni ambayo hayakuwa yake, akayakunja vizuri kama kawaida, hata katika hofu ile. Kila gari lililopita nje lilitusimamisha. Nilimwomba Mungu kwa maneno niliyokuwa nimeyasahau.

Tulipotoka, jirani alikuwa mlangoni kwake na bakuli la mboga mapajani. Mshonaji alisimama. Nikaona ule woga wa zamani ukimpitia usoni, kisha ukapita.

"Jirani," akasema. "Nilikudhania ubaya. Nisamehe."

Yule mwanamke aliitazama cherehani mikononi mwa shangazi, akaitazama shuka, akamtazama mshonaji usoni. Akaweka bakuli chini, akachukua mfuko mmoja.

"Mimi ni mbea, mtaa mzima unajua," alisema akitangulia kuelekea kwenye gari letu. "Ila leo nimeamka kipofu. Twende upesi, dada, nisije nikapona."

Mume alikuja dukani kwetu siku chache baadaye. Nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Alisimama kwenye kizingiti, mtu wa umbo la kawaida, shati safi, akaniangalia mimi kwanza. Nilikuwa na kijitabu mkononi, nikakifunga.

"Mashine yangu."

Shangazi aliiweka kwenye kaunta. "Imepona, shemeji. Ila nimelazimika kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Haina picha, haina neno la siri, haimkumbuki mtu yeyote."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mimi ni fundi wa kamera, shemeji," shangazi akasema, bisibisi mkononi. "Na siku ile kamera zako zilikuwa zimezimwa."

Walitazamana. Nje watu walipita, mwenye duka la jirani alikuwa akifagia, na nadhani ni hao waliotuokoa. Aliichukua mashine kwapani, akaondoka bila kufunga mlango. Shangazi alikaa chini, akaomba maji.

Mpaka leo nikikaa chumbani na kamera, huchagua kiti kilicho chini yake. Shangazi naye ameacha karatasi zake. Akimaliza kazi kwenye nyumba ya mtu huuliza, "Nani anashinda humu?" Huyo akijitokeza, awe mama mzee au dada wa kazi, humsogezea kiti mbele ya skrini ili aandike neno lake mwenyewe. Sisi wengine, mwenye pesa akiwemo, hutugeuza tuangalie ukuta.