Nakala ya Tatu

Niliutambua mwandiko wangu kabla sijaitambua karatasi. Ilikuwa mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya lori, mbele ya nyumba ya baba yangu iliyokwisha kuezuliwa paa, naye alikuwa akiita majina. La kwanza lilikuwa la baba, Bernardo. Herufi B ile yenye tumbo kubwa masista walinichapa miaka minne hadi nikaipata. Tabora nzima sijaona mwingine anayeiandika hivyo.

Karatasi ilikuwa ya Wenceslaus, na huyo lazima nimweleze.

Alikuja kupanga chumba kwangu mwanzoni mwa mwaka 1974. Mtoto wa fundi wa reli wa Kaliua, mrefu, miguu ya korongo, na baiskeli iliyomzidi umri. Alisema anasomea udaktari, nikamwonyesha goti langu. Akacheka, akasema udaktari wake si wa kutibu. Anaandika kitabu juu ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani. Nikamwuliza kama kweli amesoma miaka yote hiyo ili aje kuwauliza wazee waliumwa bega lipi. Akanijibu kwa heshima zote kwamba hilo ni swali la tatu, bado hajalifikia.

Kazi yake aliipima kwa wiki. Kila Jumamosi jioni alijaza karatasi moja: amekusudia kurasa ngapi, amepata ngapi, ameongea na wazee gani, amekwama wapi. Kisha anaibandika ukutani. Hakuidanganya karatasi ile hata siku moja. Wiki ya tano homa ilimlaza, akaandika: kurasa sifuri, wazee sifuri. Nikamwambia aongeze hata ukurasa mmoja wa huruma, nani angejua? Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aibe kuku wa padri.

Lakini mwandiko wake ulikuwa kama siafu waliomwagiwa majivu. Kwa hiyo kazi ya kunakili ikawa yangu, kwa karatasi ya kaboni, nakala tatu. Ya kwanza yake. Ya pili ya profesa wake Dar es Salaam. Ya tatu ya ofisi ya kata, maana ndilo sharti alilopewa ili aruhusiwe kuzunguka vijijini. Jumatatu nikienda sokoni niliipitisha mwenyewe. Karani, kijana mmoja aitwaye Nassibu, aligonga muhuri, akatia kwenye faili, akaniuliza habari za nyanya.

Profesa alitaka pia safu ya njia ya kufika, ili mwenye shaka aende akamwulize mzee mwenyewe. Nami nikaandika vizuri, sikubakiza kitu: "Mzee Bernardo. Ukivuka mto acha barabara ya Sikonge, shika kijia cha mizinga hadi mninga uliopigwa radi. Nyumba iko nyuma yake, haionekani."

Baba alikuwa wa kwanza kwa sababu ni mimi niliyempeleka Wenceslaus kwake. Alikuwa amepita miaka themanini, na kabla ya reli alifika pwani mara mbili na mzigo begani. Wazee wengine walisimulia waliyoyasikia, yeye alitembea. Wenceslaus aliniambia wazi kwamba bila mzee huyu kitabu hakuna. Ila baba alikuwa na utaratibu wake. Angesimulia safari kama alivyoiendea, kambi moja kwa wiki, bila kuruka. Wiki nyingi ziliishia kwenye kufunga mizigo tu. Wenceslaus alipojaribu kumharakisha, aliambiwa, "Wewe una baiskeli, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa na pembe. Nifuate." Wiki ya thelathini wakapita Tura, wakaingia Mgunda Mkali, pori la kiu.

Wiki hiyohiyo malori yakaja.

Tulikwisha kusikia habari za amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wa kwetu walikuwa hawakatai wala hawahami. Nyumba zao zimetawanyika msituni, na ofisa akija hukuta kuku tu. Siku ile niliyompelekea baba chumvi, malori hayakuuliza njia. Yalikwenda moja kwa moja hadi kwenye mninga. Yakaita majina kwa mpangilio wa wiki, kaya ishirini na sita, kama nilivyozipanga mimi. Nilimwomba yule mtu nione karatasi, akaniinamishia bila hiyana. Ilikuwa ya kwanza ya bunda zima la wiki zote, imenakiliwa kwa kaboni, na muhuri wa Nassibu juu yake. Chumvi ilikuwa bado mkononi.

Nilipomwambia Wenceslaus, alikaa chini sakafuni. Halafu akainuka, akabandua karatasi zote ukutani, akazisoma moja moja safu ile tu ya njia. Hakula siku mbili. Sikumbembeleza, maana mimi mwenyewe sikuwa nimekula.

Jumamosi tukaenda kijiji kipya. Baba alikuwa ameketi kwenye ngozi yake chini ya kibanda cha nyasi kisicho na ukuta. Mizinga yake arobaini imebaki kule. Wenceslaus akapiga goti, shikamoo. Akaitikiwa marahaba, kisha akaulizwa daftari liko wapi. Akasema ameona aibu kulileta.

"Kaazime karatasi," baba akasema. "Andika kambi niliyolala juzi. Andika tulikuja na lori, na nani aliyewaonyesha wenye malori njia. Usipoiandika hiyo, mimi sitoki Mgunda Mkali."

Nikamwambia Wenceslaus kwa sauti ya chini kwamba ofisi ikiyasoma hayo itamnyang'anya kibali, na miaka yake yote ya shule itakwenda na maji. Aliandika juu ya goti: wiki ya thelathini na moja, kurasa sifuri. Kaya ishirini na sita zimehamishwa kwa orodha yangu. Kambi ya Mzee Bernardo haina paa. Akamsomea baba mara mbili. Baba akaomba maji, akaanza kusimulia jinsi walivyofukua mchanga kutafuta kisima.

Nyumbani nikanakili. Nilipofika kwenye karatasi ya tatu nikainua kalamu, nikamtazama.

"Nakala ni tatu, Mama Imakulata," akasema.

Nikaiandika, jina langu mwenyewe nikaliongeza chini: mwandishi, Tekla.

Jumatatu nikampa Nassibu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote, hata ya polisi. Aliipitisha macho akitafuta safu ya njia ya kufika, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mama, wiki hii hakuna wazee wapya?"

"Hakuna," nikamjibu.

Akagonga muhuri, akatia kwenye faili, akaniuliza habari za nyanya.