Pampu ya Massoudi

Mume wangu Sylvère alikuwa mbeba mizigo bandarini mpaka embargo ya 1996, ile ya nchi jirani kutufungia biashara, ilipofunga kazi. Mwanamume mzima kushinda ndani kama paka, mi sikuweza. Nikamnunulia bidoni mbili za plastiki na mpira wa kunyonyea, nikamsimamisha kona ya mtaa wa Asiatique auze petroli ya magendo kwa chupa.

Petroli unaivuta kwa mdomo: ikikaribia ulimi, unashusha mpira kwenye chupa haraka. Ukichelewa, umemeza. Jirani yetu Massoudi, fundi wa magari, akatuletea pampu ya mkono. Nikamrudishia mbele ya watu.

“Massoudi, huyu kwenye mtungi wa pombe anavuta mrija kuliko wote. Petroli ndiyo itamushinda?”

Kona nzima ikacheka. Sylvère naye akacheka, akavuta.

Miaka mitatu hivyo, mpaka embargo ikaondolewa. Akirudi ananuka mpaka kwenye jasho, nampa kikombe cha maziwa, kama wake wa wauzaji wote. Maziwa yanaosha sumu, ndivyo tulivyojua.

Mwaka 2003 akaanza kuchoka bure, akakonda, lakini tumbo likavimba upande wa kushoto. “Baba Christa, uvivu umekuotea tumbo,” nikamwambia. Nikamcheka miezi minne kabla ya kumpeleka kwa daktari.

Walimchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga. Daktari akatueleza kwamba uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, umejaa makovu. Sasa bandama ndiyo inahangaika kuusaidia, ndiyo maana imevimba.

“Ugonjwa huu unapenda watu waliopita miaka makumi tano,” akasema. “Alishafanya kazi penye mashine ya radio, ile ya kupiga picha mifupa? Ao na petroli?”

“Petroli. Lakini nilikuwa namupa maziwa kila siku, dokta.”

“Maziwa haifiki kwenye mufupa, mama. Na ile harufu alikuwa anaivuta hata siku hakumeza.” Akanitazama. “Siwezi kuapa ni petroli. Wengine hawajaigusa na wanaupata.”

Neno hilo nililishika kama rozari. Wakamwongezea damu, ikaisha, wakamwongezea tena.

Siku moja namkanda miguu, nikamwuliza kama ile pampu angeitaka.

“Niliitaka,” akasema. “Lakini watu walikuwa wamekwisha kucheka.”

Tulimzika mwanzo wa 2005.