Presha Yapimwa Kando ya Maporomoko ya Wagenia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sébastien Lokinda ameketi juu ya jiwe kando ya maporomoko ya Wagenia, Kisangani. Mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa cha kupimia presha. Muuguzi Hubert Amisi anachomoa kipimo masikioni. Maji yananguruma mno, hasikii mapigo. Anashika mshipa wa mkono kwa vidole viwili na kupima hivyo hivyo.

“Kumi na ine!” anapaza sauti. “Bon, mzee, unaweza kupanda.”

Kwa vidole hupatikana namba ya juu peke yake; hapa kumi na nne ni 140. Leo inatosha. Daktari aliyempasua Lokinda ameweka sharti: apande, ainue mtego mmoja, ashuke, apimwe tena. Namba ikizidi kumi na sita, hatavua tena, na nafasi yake itabaki kwa mdogo wake, Lambert.

Nafasi hiyo ni magogo marefu yaliyosimikwa katikati ya maji ya kasi na kufungwa kwa kamba za msituni. Mitego ya fito, mipana mdomoni na myembamba mkiani, inaning'inia hapo. Magogo yalikuwa ya baba yao. Mtu akipata kizunguzungu juu yake, mto unamchukua.

Lokinda ana miaka thelathini na minne. Mwaka 1955 kichwa kilianza kumuuma kila asubuhi. Nyumbani waliona sababu iko wazi: kelele za maporomoko.

“Tulisema maji inamupiga mu kichwa,” anaeleza mkewe, Adèle. Basi wakamhamishia mtaa wa Mangobo kwa dada yake, Georgette, ambako maji hayasikiki.

Kichwa kikazidi. Macho yakaanza kuona vitu viwili viwili.

“Anaangalia mimi, anaona bibi wawili,” anasema Adèle, mama wa Julie. “Nikamwambia: Papa Julie, huyu moja tu inakushinda!”

Hospitalini presha yake ilikuwa ishirini na tatu kwa kumi na nne. Dawa ziliishusha kidogo, kisha ikapanda tena. Daktari alishangaa kuikuta hivyo kwa mtu wa umri ule. Akaagiza apigwe picha, baada ya kuchomwa mshipani dawa inayoonyesha mafigo. Figo la kulia lilionekana upesi. La kushoto lilichelewa, na lilikuwa dogo.

Mshipa unaolipelekea damu ulikuwa umekuwa mwembamba. Figo linalokosa damu hutoa kitu kinachobana mishipa ya mwili mzima, kana kwamba mwili wote umepungukiwa. Ndipo presha hupanda.

Agosti mwaka jana, 1956, figo hilo lilitolewa. La kulia linafanya kazi peke yake. Tangu Oktoba Lokinda hanywi dawa. Hubert anaonya kwamba wagonjwa wengi wa presha hawaponi kwa njia hii, kwa kuwa ugonjwa wao hautoki kwenye figo moja.

Ukingoni, wanawake wanaokausha samaki wamesimamisha kazi.

“Sébastien!” mmoja anaita. “Ile figo, docteur alikula na pondu?”

“Na pilipili, mama. Ndiyo maana anakohoa mpaka leo.”

Wanacheka. Adèle hacheki. Ameshika kanga yake kwa mikono miwili na anatazama magogo.

Lokinda anapanda. Anatafuta kila kifundo kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kukikanyaga. Chini, ndani ya mtumbwi, Lambert hana subira. Ndiye amekuwa akivua hapa tangu kaka yake augue; kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mashua ya mizigo inayokwenda Isangi, na nafasi yake huko bado iko.

“Yaya,” anamwita kaka yake, “fanya mbio! Mi minachoka kulowana!”

“Nyamaza, mutu wa mashua. Kamba zako zote zimelegea.”

“Zimelegea, lakini ulikula samaki yake!”

Lokinda anavuta. Mtego unagoma, kisha unatoka majini ukimwaga povu. Ndani mna samaki mmoja mkubwa, kapitene, anapiga mkia kwenye fito. Wanawake wanapiga vigelegele. Juu ya magogo Lokinda anacheka kwa sauti, mdomo wazi, huku maji yakimtiririka usoni.

Anashuka, anaketi juu ya jiwe. Hubert anafunga kitambaa, anajaza hewa, anaiachia polepole. Anajaza tena.

“Munganga, sema basi!” Adèle anafoka.

“Ngoja, mama. Mutu anacheka, mukono inatikisika.”

Lokinda anafunga mdomo. Hubert anapima mara ya pili.

“Kumi na tano.”

Adèle anaachia kanga na kumpiga mumewe begani, mara mbili, kwa nguvu. Halafu anamkumbatia muuguzi, ambaye nusura aangukie majini na mashine yake.

Lambert hasubiri kuagwa. Anageuza mtumbwi na kupiga kasia kuelekea bandarini, kwenye mashua yake. Saa moja na robo, Lokinda anainua mtego wa pili.